Hilary na Dirisha la Jikoni

Kwa miaka thelathini na nane Hilary Dobson aliandaa chai ya klabu ya kriketi ya Skelby, yaani sandwichi na keki za mapumziko, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuona kipindi cha kwanza kikiisha. Watu wakipiga makofi nje, yeye yuko jikoni anapaka siagi. Mumewe, Clive, ni mpigaji wa kufungua dimba wa Skelby tangu walipokuwa wachumba, lakini uchezaji wake Hilary aliujua kwa dalili tu. Akiingia anatabasamu, kapiga vizuri. Akiuliza keki iko wapi kabla hajavua glavu, katolewa mapema.

Majira ya baridi yaliyopita ligi ilipiga kura kuifuta chai. Kila mchezaji aje na chakula chake, yaishe. Skelby nao waliinua mikono kuunga mkono, kisha nahodha wao, Robbie Tindall, akatumwa kwa Hilary na shada la maua, uso umemshuka kama mtu aliyegonga paka wa jirani. Hilary alimkabidhi ufunguo wa jiko palepale mlangoni. Alipoufunga mlango alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Goti la Clive lingefanyiwa upasuaji mwezi wa Juni, na daktari alishasema baada ya hapo mambo ya kukimbia asahau. Zilibaki Jumamosi sita, labda saba. Hilary akajiapia kwamba mechi ya kufungua msimu atakaa kitako, amtazame mume wake akicheza kuanzia mpira wa kwanza hadi atakapotolewa, hata jiko liungue.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili jua lilitoka, ila ni lile jua la kuangalia, si la kuota. Hilary alivaa makoti mawili, akachukua blanketi na chupa ya chai, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na ubao wa matokeo. Mzee Wilf alikuwepo tayari na mbwa wake. Huyu alikuwa mwamuzi mpaka macho yalipomgomea, na wapo wanaosema yalianza kumgomea zamani sana.

"Umefukuzwa jikoni, binti?"

"Nimestaafu, mzee Wilf."

"Karibu. Huku hatufanyi kazi. Tunalaumu wanaofanya."

Skelby walianza kupiga, wageni wa Marfield wakirusha. Clive alifungua pamoja na Robbie, na Robbie hakumaliza hata dakika: mpira wake wa kwanza ulipita chini ya gongo, kijiti cha kati nyuma yake kikalala, akawa ametolewa. Alirudi anaburuta miguu.

"Safari njema, nahodha," Wilf akamwambia. "Hata jasho hujatoa!"

Clive alibaki. Alikuwa mzito, na goti lilimfanya akimbie kama aliyevaa kiatu kimoja, lakini jicho lake halikuwa na wasiwasi. Kabla ya kila mpira aligonga ardhi mara tatu kwa gongo, akatazama angani, ndipo akainama. Hilary aliijua tabia hiyo. Ndivyo anavyofanya nyumbani kabla ya kukata nyama ya Jumapili. Hakujua kama inatokea huku. Alijikuta anatabasamu peke yake, na ilimfurahisha kuliko alivyotegemea.

Ubao ulipoonyesha Clive ana mikimbio thelathini na moja, Robbie alitokea mbio, taulo begani.

"Shangazi, maji yamenifika shingoni."

"Nini tena?"

"Chakula. Hakuna mtu aliyeleta. Marfield hawajaleta, sisi hatujaleta. Kila mtu alifikiri... yaani, tumezoea tu."

"Si mlipiga kura?"

"Tulipiga."

"Na wewe mwenyewe umeleta nini?"

Robbie alitazama viatu vyake. "Ndizi."

Wilf alicheka mpaka mbwa akainuka. Watu wazima ishirini na wawili, wenye wake waliowaaga asubuhi, na chakula cha jumla kilikuwa ndizi moja, pakiti mbili za krispi na nusu ya pai ambayo mwenyewe alikuwa ameshaing'ata.

"Shangazi, ni sandwichi tu. Nusu saa."

Hapo miguu ya Hilary ilitaka kunyanyuka bila ruhusa yake. Mikono yote ilikuwa inajua nafasi ya kisu, nafasi ya ubao, idadi ya vipande. Na Clive alikuwa uwanjani, anatazama angani.

"Duka la Pauline bado halijafungwa," alisema. "Mikate sita, jibini, mayai, matango mawili. Kisu kirefu kiko droo ya pili. Nenda."

"Mimi?"

"Umetolewa kwa mpira wa kwanza, Robbie. Una kazi gani nyingine?"

Alikwenda. Hilary alijitia hamnazo, akajifunika blanketi vizuri, ingawa moyoni alikuwa anawaza kuhusu siagi. Ingekuwa imetoka kwenye friji sasa hivi, ngumu, na yule kijana angeichana mikate yote.

Clive akafika arobaini. Akafika arobaini na sita. Wachezaji wa Skelby waliokuwa wamejilaza kwenye nyasi waliketi sawasawa.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, ng'ambo ya uwanja. "Shangazi! Birika linatoa moshi!"

Hilary alisimama. Alishapiga hatua nne kuelekea huko kabla hajafikiri.

"Ukienda utaikosa hamsini yake," Wilf alisema, bila kumtazama.

Alisimama pale katikati ya nyasi, mume upande huu, birika upande ule. Kisha akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti ambayo Skelby hawakujua kwamba anayo. "Zima swichi, Robbie! Ukutani!"

Alipogeuka, mrushaji alikuwa anakuja. Clive alipeleka mguu mbele, ule mbovu, na mpira ukatoka kwenye gongo kwa mlio mmoja safi, ukapita kati ya watu wawili, ukaenda kugonga uzio: mikimbio minne. Hamsini. Hilary aliuona wote, toka mkononi mwa mrushaji mpaka kwenye mbao.

Makofi yakapigwa. Clive alivua kofia, akainua gongo juu, lakini hakuwainulia wenzake. Aliligeuza moja kwa moja kuelekea dirisha la jikoni. Dirishani Robbie, kavaa aproni ya maua, alipunga taulo kwa furaha. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Clive hakucheka. Alibaki na gongo hewani, anatafuta.

"Kwa nini anaonyesha jikoni?" Hilary aliuliza.

Wilf alimgeukia kwa mshangao. "Anakuonyesha wewe. Kila akifika hamsini. Ulikuwa hujui?"

Hakujua. Alipanda juu ya benchi, mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye makoti mawili, akapeperusha blanketi. "Clive! Niko huku! Nimeiona!"

Clive alimwona. Alilihamisha gongo taratibu mpaka likamwelekea. Mpira uliofuata ukavipiga vijiti vyake vyote vitatu, wala hakuonekana kujali.

Wakati wa chai sandwichi zilikuwa zimechanika kama Hilary alivyohofia, na watu walizila hivyo hivyo. Clive alimkuta jikoni, kasimama kwenye sinki, anatazama nje.

"Nilidhani unaniona," alisema. "Miaka yote."

"Mara ngapi?"

"Leo ni ya kumi na mbili."

Kutoka pale dirishani uwanja ulionekana wote, vijiti na watu. Meza ya kukatia mikate ilikuwa nyuma yake, imeegeshwa ukutani, na Hilary alikuwa ameisimamia miaka thelathini na nane akilipa dirisha mgongo. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo alivyoikuta.

"Clive, shika upande huo. Robbie, toa vikombe."

"Unafanya nini, shangazi? Si umestaafu?"

"Jumamosi ijayo wewe ndiye mpishi, na mpishi naye lazima auone uwanja," alisema Hilary. "Inua."

Waliisogeza meza mpaka chini ya dirisha. Kisha Hilary alichukua blanketi lake na sandwichi moja iliyochanika, akarudi kwenye benchi kabla kipindi cha pili hakijaanza.