Ilva na Asubuhi za Pisa

Saa kumi jioni, duka la mkate wa dengu nyuma ya soko la Livorno huwa kimya. Zamani saa hiyo ndiyo ilikuwa ya kelele. Mlango ulisukumwa kwa goti, wakaingia watalii ishirini na kitu wenye miguu iliyochoka, na nyuma yao sauti ya mwongozaji wao, Ilva Razzauti: "Umberto, toa trei mbili! Hawa wametoka Pisa, hawajaonja chakula cha binadamu tangu asubuhi!"

Umberto mwokaji bado huinua kichwa saa hiyo, kisha hurudi kwenye tanuri lake. Mgeni akiuliza yule mama wa mwavuli mwekundu yuko wapi, watu wa pale hujibu, "Alihama," halafu huanza kuzungumzia samaki. Namna wanavyolitamka neno hilo, ungedhani alifungwa jela.

Sisi tuliokua naye kwenye mtaa wa mifereji, karibu na ile ngome ya matofali, tunajua alikohamia. Baba yake alikuwa mpakiaji bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mama yake alishona nyavu na kusema kwa niaba ya wote wawili. Ilva alirithi mdomo wa mama na mabega ya baba. Alipomaliza sekondari alikwenda kusoma historia Pisa kama tulivyokwenda wengi wetu, maana chuo cha kusomea historia kiko huko. Ni dakika ishirini kwa treni. Mlivorno huenda Pisa asubuhi, huchukua elimu ya Wapisa, mahasimu wetu wa tangu kale, na jioni hurudi nyumbani kuwatukana. Hakuna aliyewahi kuona ubaya katika hilo.

Akawa mwongoza watalii. Mwaka 1994 Bibi Oretta, mwanamke wa Firenze mwenye kampuni ndogo ya safari, alibuni ziara ya miji miwili kwa siku moja kwa ajili ya watu wanaoshuka kwenye meli kubwa bandarini kwetu. Asubuhi Pisa: marumaru nyeupe kwenye majani mabichi, mji uliokuwa umekwisha kutukuka na kushuka kabla wetu haujachorwa. Mchana Livorno: bandari iliyojengwa kwa amri na rula, ikajazwa Wayahudi, Waarmenia, Wagiriki na Waholanzi, kila watu na nyumba yao ya sala, kisha mabomu ya vita yakaja, na tukajenga tena haraka haraka, bila uzuri.

Sheria ya siku zile ilimruhusu mwongozaji kueleza katika mkoa wa leseni yake tu. Kwa hiyo ziara ilikuwa na watu wawili. Ilva aliwapokea watalii gatini, akapanda nao basi hadi Pisa, na huko alitakiwa kufunga mdomo, kutembea nyuma ya msafara na kuhakikisha hakuna anayepotea. Aliyesema asubuhi alikuwa Ranieri Pardi, Mpisa mrefu mwenye koti la kijivu, mjane, aliyeishi na dada yake Norma.

"Harufu ya samaki imefika kabla yako, Ilva," Ranieri alikuwa akimwambia basi likifungua mlango.

"Afadhali samaki. Ninyi mnanuka ukungu."

"Wakati sisi tunajenga kanisa kuu, kwenu kulikuwa na matope na mbu."

"Ndiyo maana mpaka leo mnara wenu unatafuta njia ya kukimbia."

Watalii walicheka. Dereva, aliyekuwa ameyasikia yote hayo mara mia, alicheka pia. Baada ya hapo Ranieri alianza kusema, na Ilva alinyamaza. Nadhani watu wachache sana duniani wamesikilizwa namna Ranieri alivyosikilizwa na mwanamke yule aliyekatazwa kumjibu: miaka kumi na mitano, siku tatu au nne kwa wiki, tangu machipuko hadi vuli.

Asubuhi moja ya Aprili 2009, mbele ya kanisa kuu, Ranieri alinyosha mkono na kusema, "Ukuta huu wote mnaouona ulijengwa kwa mali iliyotoka..." Akakoma. Mkono ulibaki hewani. Watalii walisubiri, wakidhani ni mbinu ya msimulizi. Ilva, huko nyuma, aliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu anayepapasa swichi ya taa ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Sema basi, Ranieri!" akapaza sauti. "Unaona haya? Waambie mlivyovunja bandari ya Palermo mkabeba mali ya watu!"

Kicheko kikapita kwenye msafara. Mkono wa Ranieri ukashuka. "Hatukuiba, bibi. Tulipigana. Palermo ilikuwa mikononi mwa Waarabu wakati huo, na meli zetu..." Maneno yakarudi kama maji kwenye bomba lililokuwa na hewa.

Ilva hakumwambia mtu. Ila kuanzia wiki ile aliacha kutembea nyuma. Alisogea mbele, akawa anauliza. Aliuliza kwa dharau, kwa sauti ya mtu wa bandarini, na kila swali lake lilikuwa limebeba jibu tumboni. "Eti huyu Galileo wenu aliitazama taa ikining'inia humu ndani badala ya kusali, ni kweli?" "Na uwanja huu wa makaburi mliujazia udongo wa kuleta kwa meli kutoka Yerusalemu, udongo wa hapa una nini?" Watalii waliipenda sana michapo hiyo, wengine waliandikia kampuni kusifu mchezo wa kuigiza. Bibi Oretta alifurahi. Hakujua kilichokuwa kinaigizwa.

Mambo mawili yalikuwa hatarini, na Ilva aliyajua yote mawili. Ranieri akionekana amesahau, kazi yake ingeisha siku hiyo hiyo, na bila ile kazi angebaki na nini, mtu ambaye hata nyumbani alizungumza na dada yake habari za marumaru? Na Ilva akikutwa anaeleza Pisa, leseni yake ingechukuliwa. Hakuwa na kazi nyingine, wala mume, wala shamba.

Mwaka 2011 mtu alimshtaki, labda mwongozaji mwenzake. Askari wa manispaa alimsimamisha uwanjani, mbele ya msafara.

"Bibi, leseni yako ni ya mkoa gani?"

"Livorno."

"Na hapa ni wapi?"

"Afande, hata nikifumba macho najua, kwa harufu ya ukungu."

"Tumeambiwa unawaeleza watu historia ya Pisa."

Ilva alimtazama Ranieri, aliyekuwa amesimama pembeni na mwavuli wake, akihesabu vigae vya chini kwa macho. "Mimi nieleze Pisa?" akasema. "Mimi ni mtu wa Livorno, sijui kitu. Nauliza tu. Kuna sheria inayomkataza mjinga kuuliza?"

Askari alikuwa Mpisa wa kuzaliwa. Alitabasamu taratibu, kama mtu aliyeletewa kahawa asiyoiagiza, akamwita mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja. "Hebu rudia, bibi. Mwenzangu naye asikie."

"Sijui kitu," Ilva akarudia. "Natoka Livorno. Nimekuja Pisa kujifunza."

Wakamwacha. Kufikia jioni sentensi hiyo ilikuwa imeshafika sokoni kwetu. Umberto hakumsalimia kwa wiki nzima. Kwenye baa ya mfereji walimuuliza kama Wapisa walimpa pia kofia ya shule. Ilva alikunywa kahawa yake na hakujitetea. Hilo ndilo lililotushangaza, maana hatukuwahi kumwona akishindwa kumjibu mtu.

Miaka miwili baadaye sheria ikabadilishwa: leseni moja ikatosha nchi nzima. Waongozaji wengine walishangilia, wengine walilaani. Ilva aliisoma habari hiyo gazetini na kuliweka gazeti chini. Sheria iliyomfunga mdomo ndiyo iliyokuwa ikimweka Ranieri kazini, na sasa ilikuwa imeondoka.

Bibi Oretta alipiga simu Septemba ya mwaka huo huo. "Ilva mpenzi, kuanzia Aprili utachukua siku nzima. Miji yote miwili. Ranieri amechoka, hata mimi naambiwa."

"Siwezi. Pisa siijui."

"Umesoma Pisa miaka mitano!"

"Nilisoma kwenye treni."

"Ilva, usinifanyie utani."

"Sikufanyii. Mtafute Ranieri, yeye ndiye anaijua."

"Basi nitakuja mwenyewe nione," alisema Bibi Oretta, na Ijumaa iliyofuata akapanda basi pamoja na watalii, kavaa viatu vya kutembea, daftari mkononi.

Asubuhi ile Ilva alifanya kazi kama nahodha anayepitisha meli kati ya miamba. Mbele ya kanisa aliuliza maswali manne. Chini ya mnara akauliza sita. Ranieri aliyadaka yote, akayajibu vizuri, mara moja hata akaongeza mzaha mpya. Bibi Oretta aliandika kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ikabaki nyumba ya ubatizo.

Mle ndani ya lile jengo la mviringo kuna mimbari ya marumaru iliyochongwa na Nicola, mchongaji wa karne ya kumi na tatu, na hiyo ndiyo aliyoipenda Ranieri kuliko mke wake, kama Norma alivyosema mwenyewe siku ya mazishi ya mke huyo. Kila nusu saa mlinzi hufunga mlango, husimama katikati na kuimba sauti chache, na kuba huzishika, huziweka moja juu ya nyingine, huzirudisha polepole. Kimya kinachofuata huwa kizito, na mwongozaji lazima akivunje.

Sauti ya mwisho ikafa. Ranieri alisimama kando ya mimbari, kiganja kwenye nguzo inayobebwa na simba. Hakuanza.

"Nambie, Ranieri," alisema Ilva, "huyu Nicola wenu alimwiga nani? Uso wa Maria aliutoa kwenye jeneza la mawe la Kirumi lililokuwa nje hapo, si ndiyo? Mwizi naye?"

Ranieri alimtazama. "Sijui," alisema.

Watu wachache walicheka. Ilva alijaribu tena, kwa sauti ya juu kidogo, akilini akishuka ngazi kutafuta swali jepesi zaidi. "Basi nionyeshe tu Maria yuko wapi."

"Sijui, Ilva." Alisema hivyo kwa upole. Kisha akawageukia watalii, na Bibi Oretta akiwa kati yao. "Mwulizeni huyu mama. Miaka minne ananitilia majibu mdomoni, anadhani mimi sina habari."

"Ranieri, acha upuuzi."

"Waambie."

"Mimi ni mtu wa Livorno, sijui..."

"Usiniambie hilo mimi. Ukinyamaza sasa, hawa wataondoka humu bila kumjua Nicola. Hilo unalitaka?"

Ilva alitazama chini. Mwavuli mwekundu aliuegemeza ukutani, kwa sababu mikono yake ilihitaji kuonyesha. Akaanza. Alisema juu ya mchongaji aliyetoka kusini na kukuta majeneza ya kale yametapakaa Pisa yakitumika tena kuzika matajiri. Jinsi alivyosimama mbele ya jeneza moja, akaona malkia wa kipagani aliyechongwa juu yake, ameketi kwa heshima na huzuni, akafikiri kwamba mama wa Mungu naye angeweza kuketi hivyo, mzito, mwenye mwili, asiyeogopa. Alionyesha mkono mmoja tu wa marumaru na kukaa nao dakika tatu. Watalii waliokuwa wakisubiri kejeli hawakuipata. Mlinzi, Mpisa wa miaka mingi, aliacha mlango umefungwa.

Alipomaliza, Ranieri ndiye aliyesema kwanza.

"Ni mwaka 1260. Umesema 1250."

"Nimesema 1260."

"Umesema 1250. Nimesikia."

"Haya basi, 1260, mzee wee," alisema Ilva, akageukia ukuta kuuchukua mwavuli, na hakugeuka haraka.

Bibi Oretta alikuwa mfanyabiashara, hakuwa katili. Pale pale mlangoni alimwomba Ilva achukue siku nzima. Ranieri akaingilia. Alisema hajali Livorno itasemwa na nani, hata na kasuku, lakini Pisa hataki ipewe kijana atakayeisoma kwenye simu. Ilva alijibu kwamba mtu mmoja hawezi kuisema miji yote miwili kwa siku moja na akawa mkweli kwa yote. Akaambiwa achague. Sisi tulikuwa tayari tumeshajua, bila kuambiwa, kwamba atachagua mchana, yaani kwetu. Alichagua asubuhi.

Aprili iliyofuata Livorno ilichukuliwa na binti mmoja hodari wa mtaa wa stesheni, ambaye huwapeleka watalii kwingine kula. Ilva alihamia Pisa mwezi Juni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Ranieri, kwa sababu Norma alikuwa hawezi tena kumtunza kaka yake peke yake, na kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kazi, Ranieri alimsomea somo, na siku zile alizoshindwa, Ilva ndiye aliyemsomea. Huku kwetu mengi yalisemwa. Umberto alisema hata angeolewa na Mgenoa, mtu wa bandari inayoshindana na yetu, yeye angemwelewa.

Ranieri alifariki Januari 2017, akiwa amesahau karibu kila kitu, pamoja na jina la Ilva. Tulidhani angerudi. Mwaka ule mimi mwenyewe nilimtafutia nyumba mtaani kwetu, ghorofa ya pili, dirisha juu ya maji. Alinishukuru kwa simu, akasema nimpe mtu mwingine.

Ilva Razzauti ana miaka sabini. Anaishi na Norma mtaa wa San Martino, Pisa, ng'ambo ya mto, na hufanya kazi Jumanne na Ijumaa, asubuhi tu.