Yaliyokuja Baada ya Sijambo

Mama alianguka kwenye ngazi za nyuma za ghala moja la mizigo alikokuwa akifanya usafi, huko Märsta, Uswidi, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa amebeba mifuko miwili ya takataka. Ngazi zilishika barafu na hakuna aliyezimwagia mchanga. Alitua kwa bega la kulia. Msimamizi wake akatoka mbio kumuuliza kama ameumia, na mama, kwa Kiswidi chake cha maneno thelathini, akajibu, "Bra, bra." Yuko salama. Kisha akaiokota mifuko na kuifikisha kwenye pipa.

Ndivyo alivyolelewa kwetu Buyenzi, Bujumbura, na ndivyo alivyotulea hata tulipokuwa kambi ya wakimbizi Kigoma, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa salama. Ukiulizwa hali, kwanza unamtoa mwenzako wasiwasi. Unasema sijambo, unamshukuru Mungu, unamuuliza na yeye watu wake. Halafu ndipo unasema "ila". Ila tumefiwa. Ila nyumba imeungua. Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila, na kila mtu wa kwetu anajua kuingoja.

Wiki ile ile nilimpeleka zahanati ya hapa Tumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasomea uuguzi, na kichwa kimenivimba. Mhudumu wa mapokezi aliniuliza kama wampigie simu mkalimani. Nikamjibu kwa Kiswidi safi kabisa, ili asikie, kwamba mimi ni binti yake, mkalimani wa nini?

Daktari alimuuliza mama anajisikiaje. Mama akajiweka sawa kitini.

"Sijambo, daktari, namshukuru Mungu. Na wewe hujambo? Watoto wazima?" Akaniangalia nimfasirie, kisha akaendelea. "Ila mkono huu si wangu tena. Vidole hivi viwili vimekufa ganzi. Jana nimeshika kikombe kikaniponyoka. Marehemu shangazi yangu mkono wake ulianza hivi hivi, alikuwa anatwanga..."

Akaingia kwa shangazi, kinu, na mwaka wa njaa. Daktari akatupia jicho saa ya ukutani. Mimi nilikuwa na somo mchana, na treni ya mjini ilikuwa karibu kupita. Zaidi ya hayo, niliona haya. Niseme ukweli: nilimwonea haya mama yangu, na shangazi yake, na kinu chao. Nikamwambia daktari, "Anasema hajambo. Bega linamuuma kidogo."

Daktari akaandika, akatupa dawa za maumivu. Tulirudi mara tatu nyingine mwaka ule, na kila mara nilifanya vile vile. Mama alikuwa anasema dakika tano, mimi nafasiri kwa nukta mbili. Mara moja akaniuliza, "Yote hayo umeyamaliza?" Nikamwambia Kiswidi ni lugha fupi. Alicheka, akaniamini.

Mkono haukupona. Ulifika wakati akawa hawezi kukamua kitambaa cha kudekia. Kazini wakasema anategea, na msimamizi yule yule aliyemwona akianguka akawaambia wenzake kwamba mama huyu amezoea kulelewa na serikali. Hilo lilimuuma mama kuliko bega. Tulipopeleka madai kwa kampuni ya bima ya ajali kazini, barua ya kukataa ilidondoka kupitia tundu la mlango hata mwezi haujaisha. Mama aliigeuza geuza mkononi kama kitu chenye sehemu ya kufungulia.

"Mimi nataka waandike tu kwamba niliumia," alisema. "Waandike kwamba mkono huu umeharibikia pale kwenye ngazi zao. Karatasi moja. Nimwonyeshe yule bwana."

Ndipo tukaenda kwa wakili. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa hapa hapa, ofisi yake juu ya saluni karibu na stesheni. Alitupa kahawa na vitumbua vya kwao vya mdalasini. Nikavuta kiti nikae katikati yao, kama kawaida yangu. Akanizuia kwa upole. Ofisini kwake ndugu hafasiri, alisema. Ndivyo anavyofanya kazi, na hajawahi kujuta. Akabonyeza simu iliyokuwa mezani, ikatoka sauti ya mkalimani, mwanamume Mkongo, imechangamka. Mimi nikarudi nyuma, nimenuna kama mtoto.

Wakili alikuwa ameagiza faili lote la mama kutoka zahanati. Alilifungua. Alikuwa amepigia mistari kwa kalamu ya kijani, na nilipoikaza macho nikaona anachopigia mistari ni sentensi moja. Mgonjwa anasema hajambo. Mgonjwa anasema hajambo. Mara nne. Wakili akauliza, na ile sauti ikafasiri:

"Mama, anauliza hivi: ulisemaka kwa docteur mambo ya vidole? Mambo ya kikombe? Juu hapa kwa makaratasi hakuna. Wanasema ulikuwa muzima tu."

"Nilimwambia," mama alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Na kila siku. Muulize mwanangu, si huyu hapa, yeye ndiye..."

Hakumaliza. Aligeuka akaniangalia, na nikaona jinsi alivyokuwa anaelewa, taratibu, bila haraka yoyote. Mkongo kwenye simu akasema, "Allô? Mama? Uko?" Wakili naye alikuwa amenitazama. Nikasema kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili, kwamba alisema. Alisema yote. Mimi ndiye sikuyafikisha.

Mama alitumbukiza kitumbua kwenye kahawa kwa mkono wa kushoto na kukila polepole mpaka kikaisha. Heri angenipiga kofi.

Wakili hakukata tamaa, na sitaki kumsema vibaya, alipigana. Alinikalisha chini nikaandika ushahidi wangu, kurasa tatu: alichosema mama, nilichosema mimi, na kwa nini. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Alimpata na daktari bingwa, akathibitisha kwamba mishipa ya fahamu ya mkono ilikuwa imekufa, na kwamba ingegundulika mapema pengine ingetengenezeka. Neno "pengine" lile nalala nalo mpaka leo. Tukakata rufaa, tukangoja mwaka na zaidi.

Jibu lilikuja. Wakili alitusomea mwenyewe, na sauti ya simu safari hii ilikuwa ya mwanamke. Hawakukataa kwamba mkono ni mbovu. Walisema kilichoandikwa na daktari siku zile zile kina uzito kuliko maelezo ya binti yaliyokuja miaka baadaye. Na siku ya ajali, msimamizi amethibitisha, mgonjwa mwenyewe alisema yuko salama. Wakili alivua miwani akasema anasikitika sana. Mama alimshika mkono akamwambia, "Pole, mwanangu, umehangaika." Yaani yeye ndiye akampa pole wakili.

Mwaka uliofuata mama alirudi Bujumbura kwa dada yake. Vita vilikuwa vimekwisha, alisema, na baridi ya huku inaingia kwenye bega. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Arlanda kwa treni ile ile aliyokuwa akipanda kwenda kazini, Tumba mpaka Märsta, kisha basi. Tulipopita karibu na maghala hakugeuza kichwa. Mimi niliyatazama yote nikashindwa kujua lilikuwa lipi. Sikuwahi kumuuliza.

Nampigia kila Jumapili. Siku hizi mimi ni muuguzi kweli, nawasikiliza watu wa mataifa yote, na mtu akiniambia hajambo simwachi. Naweka kalamu chini nangoja. Wenzangu wananitania kwamba wagonjwa wangu hawaishi maneno.

Mwezi uliopita nilimpata mama mdogo kwenye simu, mama yupo uani. Akaniambia mkono wa kulia sasa umenyauka kabisa, haunyanyui hata tonge. Anakula kwa kushoto. Na kwa kuwa anaona haya kutia mkono wa kushoto kwenye sinia ya watu, anasubiri wote wamalize, anakula peke yake jikoni. "Kwani hajakwambia?" mama mdogo akashangaa. "Mbona huku anatusimulia kila siku?"

Jumapili nikapiga.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Na wewe, na baridi hiyo?"

"Sijambo. Mama, na mkono?"

"Mkono nao haujambo."

Nikangoja ila yake. Nikasikia kuku, nikasikia mtoto wa jirani akilia na kunyamazishwa. Halafu mama akaniuliza leo nimepika nini.