Sauti Iliyobaki Ndani ya Zeze

Bartolomayo alikuwa mtu wa kusamehe upesi, na watu wa mtaa wa Ipagala walimzoea hivyo. Ungemletea redio mbovu, ukaichukua ikiwa nzima bila hata asante, na ukija na nyingine angeipokea akicheka. Kwa hiyo alipojifunza kuchukia, hakuna aliyemtambua.

Alizaliwa upande wa Mpwapwa, akasoma hadi kidato cha nne, kisha akajifunza ufundi kwa mzee mmoja aliyetengeneza mitambo ya misheni. Mzee huyo alimwachia sanduku la valvu, zile taa ndogo za kioo za redio za kale, zinazowaka wekundu hafifu kama kaa chini ya majivu. Wenzake walimcheka: leo hii nani anataka valvu? Lakini Bartolomayo alikuwa na dada, Aneth, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo. Maiki za Kichina za bei rahisi zilimwonea dada huyu. Zilimfanya asikike kama anaimba ndani ya debe.

"Kaka, mbaya ni mimi au kifaa?" aliuliza siku moja akitoka studio.

"Wewe mbaya tangu utotoni," Bartolomayo akamjibu. "Ila kifaa kimekuzidi. Lete hapa."

Akakifungua. Kiwambo chake, ile ngozi nyembamba inayotikiswa na sauti, hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa nyuma yake. Aling'oa saketi yote, akaweka valvu, transfoma aliyoizungushia waya kwa mkono wake, na kapasita nzuri alizozitoa kwenye mitambo ya kale. Umeme wake ulitoka kwenye kisanduku kizito kama tofali. Kila alipobadilisha kitu, Aneth aliimba. Akisikia kasoro, akabadilisha tena. Maiki ile ilishonwa kama gauni, kwa kipimo cha mtu mmoja. Ilitaka ipate moto kwanza, muda wa chai kuchemka, lakini ikishapata moto ilisikia kila kitu: pumzi, mate yakimezwa, hata kuku wa jirani. Akatengeneza na ya pili kama hiyo kwa ajili ya zeze.

Nyimbo za Aneth, alizozitunga mwenyewe, zilirekodiwa kwenye studio ya Denis, kijana wa kanisani kwao. Denis alitaka kila mtu arekodiwe peke yake, mmoja baada ya mwingine. Mzee Kefa, mpiga zeze, akakataa katakata.

"Niupigie ukuta?" alisema. "Zeze linaongea na mwimbaji. Ukuta utanijibu nini?"

Basi akaketi goti kwa goti na Aneth, maiki moja mbele ya zeze, nyingine mbele ya mdomo wa Aneth, wakapiga na kuimba pamoja. Ndivyo Wagogo wapigavyo, na Denis alikubali kwa sababu hakuwa na mpiga zeze mwingine.

Kabla ya mvua kuanza, homa ilimchukua Aneth. Denis alibeba jeneza, akalia mbele za watu, akamshika mkono Mama Raheli, mama yao, akamwambia, "Mama, sauti ya Aneth haitakufa mikononi mwangu."

Tanga lilipokwisha, nyimbo zilianza kusikika mitaani. Zeze lilikuwa la Mzee Kefa na maneno yalikuwa ya Aneth, lakini sauti ilikuwa ya Erica, mke wa Denis. Kwenye jalada waliandika kwamba mtunzi na mwimbaji ni Erica. Mama Raheli aliusikia wimbo wa kwanza gengeni, akaweka nyanya chini, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bartolomayo alimfuata Denis.

"Mambo ya kazi tu, kaka," Denis alisema. "Marehemu hapandi jukwaani. Wimbo unataka mtu wa kuonekana. Na wewe msiba ulishakwisha, jikaze."

Tangu siku hiyo Bartolomayo alianza kusoma zile Zaburi ambazo wachungaji huzipita haraka, zinazomwomba Mungu awavunje waovu. Alijua andiko linalomwachia Mungu kisasi. Alilijua vizuri, na kila asubuhi alimkumbusha Mungu kwamba bado anasubiri.

Kisha Denis akaja mwenyewe, amekumbatia maiki ya zeze na kisanduku chake.

"Shikamoo, kaka Barto."

"Marahaba."

"Hii mashine yako inavuja. Nimefuta sauti ya marehemu kabisa, lakini nikisikiliza zeze peke yake, yumo. Kwa mbali, ila yumo. Mtu wa kawaida hasikii. Erica anasikia. Anasema kila akiimba, marehemu anamwitikia. Siku hizi halali vizuri."

"Pole yake," alisema Bartolomayo.

"Rekebisha, kaka. Jumamosi tunazindua albamu pale kanisani."

Bartolomayo aliitazama maiki mezani. Hakukuwa na kilichoharibika. Denis alifuta kilichoingia kwenye maiki ya Aneth akadhani amemfuta Aneth, akasahau kwamba marehemu alikuwa ameketi goti kwa goti na zeze, mbele ya kifaa kinachosikia mpaka kuku wa jirani. Kwa kitambo Bartolomayo aliwaza jambo jingine. Umeme wa valvu ni mkali. Waya mmoja tu ukigusa pasipo pake, Denis asingezindua kitu tena duniani. Akaondoa mkono mezani, akaufuta kwenye suruali kana kwamba umeshika uchafu. Kifo kingemfanya Denis naye aliliwe, na Bartolomayo hakutaka mtu yeyote amlilie.

"Siwezi kutengeneza nisichokisikia," alisema. "Niletee hilo zeze peke yake kwenye flashi."

Denis akaleta siku iyo hiyo, akashukuru.

Bartolomayo alifunga mlango, akasikiliza. Zeze lilikuwa mbele, na nyuma yake, kama mtu aliye chumba cha pili, alikuwepo Aneth. Alilia mpaka kifua kikauma. Kisha akafuta macho, akapunguza uzito wa zeze na kuipandisha sauti ya dada yake, taratibu, mpaka ikatoka mlangoni na kusimama.

Jumamosi viwanja vya kanisa vilijaa. Mitambo ya kanisa ilikuwa chini ya Bartolomayo miaka yote, wala hakuna aliyefikiri kumwondoa. Denis alimkabidhi flashi ya nyimbo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akachomeka yake.

Erica akapanda, akainua maiki, akaanza kuchezesha midomo. Zeze likaingia. Kisha akaingia Aneth, na mkwaruzo wake ule.

Erica alifunga mdomo. Wimbo ukaendelea.

"Mbona umenyamaza, mwanamuziki?" Mzee Kefa akapaza sauti toka mstari wa mbele. "Au unaimba kwa masikio?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa maana wanakwaya walikuwa wamemtambua mwenzao. Mama Raheli alisimama peke yake katikati ya viti.

"Huyo ni mwanangu!" alisema. "Jamani, huyo ni Aneth!"

Denis alikuja mbio kwenye mitambo. "Zima! Kaka, zima!"

"Uliniomba nirekebishe," Bartolomayo alisema bila kumtazama. "Bado unaona inavuja?"

"Umeniua."

"Bado unapumua, Denis. Yeye hapumui."

Aliuacha wimbo mpaka mwisho. Erica alishuka akilia, kitenge kimefunika uso, na Bartolomayo alitafuta moyoni mwake huruma kwa ajili yake, hakuiona.

Mchungaji alimwita pembeni. "Umeutumia uwanja wa Mungu kulipiza kisasi."

"Mwenzangu aliutumia kuzindua wizi, Mchungaji. Hukumwita pembeni."

Jalada lilibadilishwa, na jina la Aneth likaandikwa. Denis alikuja nyumbani na wazee wawili kuomba radhi. Mama Raheli alimpokea, akampa maji, akasema amesamehe. Bartolomayo alikaa nje mpaka walipoondoka.

Jumapili ya meza ya Bwana, watu walitoka mstari kwa mstari kwenda mbele. Kwao, mwenye ugomvi na mwenzake hasogei. Viti vikawa vitupu, wakabaki wanaume wawili tu wameketi, Denis upande wa kulia na Bartolomayo upande wa kushoto.

Mama Raheli alisimama kando ya mwanawe. "Inuka, baba. Twende."

"Bado, mama."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wewe nenda."

Mama akaenda. Ng'ambo ya viti Denis aliinua kichwa, akamtazama, naye Bartolomayo akamtazama vilevile, asipepese, mpaka yule mwenzake akainamisha uso.