Mtaalamu wa Mvua Aliyekataa Kusema Huenda

Amekufa. Habari ilinikuta Mlandege, hapa Iringa, nikisubiri chai, na kabla chai haijafika simu yangu ilikuwa imejaa sifa: mtumishi wa wakulima, sauti ya anga, taa iliyozimika Nyanda za Juu Kusini. Nilizisoma zote, nikaizima simu. Najua desturi yetu, kwamba mtu akishafukiwa hata waliokuwa wakimkwepa njiani humsifu kwa machozi. Msomaji wangu utaniwia radhi, leo siwezi. Tulifahamiana miaka mingi, tulikula meza moja, na sikumpenda. Familia yake naipa pole ya dhati, lakini yeye nina neno naye.

Alikuwa mtafiti wa hali ya hewa mwenye ofisi Iyunga, Mbeya, na kazi aliyoipenda kuliko utafiti ilikuwa kuzunguka vijijini kuwaeleza wakulima msimu utakavyokuwa. Elimu alikuwa nayo, sitamnyima hilo. Ukikaa naye ofisini alikueleza kwa utulivu kwamba utabiri wa msimu ni makadirio, kwamba mvua ikitarajiwa kuwa nyingi bado inaweza kuja chache, au ikaanza vizuri kisha ikakata. Mtu huyohuyo akishika kipaza sauti aligeuka mhubiri wa mkutano wa injili. “Mvua!” anapaza sauti. “Shambani!” umati unaitikia, na ngoma inapigwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini ile “huenda” ya ofisini haifiki uwanjani. Akacheka. “Ukiwaambia huenda, nusu yao wanaondoka kwenda kunywa ulanzi. Mkulima anataka jibu, hataki hesabu.” Niliichukia dharau ile na bado naichukia. Anayeishi kwa kutegemea mawingu ameijua huenda tangu anabebwa mgongoni.

Nilikuwepo alipokwenda Igawa. Wakulima wengi pale walikuwa na utaratibu wao wa kupanda mahindi kwa mafungu: kidogo kabla ya mvua, mbegu ikae kwenye udongo mkavu ikisubiri, fungu jingine mvua ikishakolea, na akiba inabaki imening'inia juu ya jiko ikipata moshi. Yeye aliuita utaratibu huo woga. Alisema mwaka ule mvua ni nyingi na ya mapema, wapande kavu, wapande yote. Mama mmoja, muuza mchele wa kando ya barabara, akasimama. “Mtaalamu, mimi hii mbegu yangu nilitoka nayo kwa mama yangu siku naolewa. Dukani haipo. Nikiweka yote, halafu mvua ikakata, nafanyaje?” Alijibiwa mbele za watu, “Mama, satelaiti haidanganyi. Shusha hayo mahindi jikoni, unayakausha bure!” Watu wakaangua kicheko. Yule mama naye akacheka kwa aibu, akaenda akayashusha.

Mvua ilikuja mapema kweli. Mahindi yakaota, yakapendeza, kisha mvua ikakata na jua likawaka mpaka miche ikawa ya kahawia. Mvua iliporudi, waliokuwa na akiba walipanda tena. Yule mama hakuwa na punje. Mbegu ya mama yake, iliyopita mikono ya wanawake wa ukoo ule, iliisha pale pale, na hakuna kituo cha utafiti kitakachomrudishia.

Mwaka uliofuata mtaalamu alirudi Igawa, safari hii na onyo la mafuriko. Akapaza sauti, “Mvua!” na uwanja ukakaa kimya. Aliwasihi wahame bondeni, wakamtazama tu, mwisho wakatawanyika kwenda kwenye shughuli zao. Na safari hii alikuwa sahihi kabisa. Maji yalikuja, yakaangusha nyumba za matofali mabichi, ya yule mama ikiwemo. Alitoka na watoto na nguo walizovaa. Nilimfuata mtaalamu Iyunga nikamwambia aende akawaombe radhi. Hakuinua hata macho kwenye kompyuta. “Nilitabiri sawasawa. Wamekaidi wenyewe.” Tangu siku ile sikunywa naye tena hata maji. Imani yao aliiteketeza mwenyewe kwa ajili ya makofi, halafu ilipohitajika kuwaokoa akawalaumu kwamba hawana.

Baada ya kusoma zile sifa nilimpigia yule mama, kwa sababu niliona naye ana haki ya kujua. “Haya, Mungu ampumzishe. Ana watoto wadogo?” Nikamwambia ni wakubwa. “Afadhali.” Nikamuuliza, wakimleta mtaalamu mwingine, atakwenda kumsikiliza? “Nitaenda, mwandishi. Mvua si bado tunaihitaji? Ila mwambieni aje na jembe. Alime hapa hapa na sisi, na mbegu yake aweke. Ikikata, itukatie wote.”

Mazishini walihutubia wengi, na nasikia hakuna aliyeyataja mahindi ya Igawa. Kwa hiyo nayataja mimi. Ninyi vijana mnaogombea kiti chake, someni sana, pimeni upepo na joto la bahari mnavyoweza. Lakini kabla ya kumwambia mama wa watu ashushe mbegu yake yote, mwambieni kwanza ninyi mtakula nini mkikosea.