Sagal Alivyolipima Jua la Daud

Maziwa ya ngamia yalipoharibika mara ya tatu ndani ya friza ya ushirika wa akina mama, Daud, aliyewauzia paneli za sola za kuiendesha, alisimama katikati ya soko la Garissa akalisingizia jua. Msimu huu, alisema, jua ni dhaifu.

Sagal alikuwa msichana wa maneno machache. Alisomea fizikia chuo kikuu, na juu ya paa la kwao alikuwa na kituo kidogo cha hali ya hewa. Siku hiyo alijikaza akasema kihisi chake cha mwanga wa jua kinasoma wati elfu moja na mia nne kwa kila mita ya mraba.

Daud akacheka akishika mbavu. "Abaayo, dada yangu, hiyo ni jua ya jahanamu! Kifaa yako imetafuna miraa?"

Akina mama nao wakaangua kicheko. Sagal akarudi nyumbani ameapa kwamba huyu atalipa.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Daud alisema kweli: usomaji ule ulizidi mno. Akaazima kihisi cha kuaminika kwa mwalimu wake wa zamani, akakiweka kando ya chake, akavisawazisha kwa pima maji na kuvipangusa vumbi. Siku tatu za anga jeupe akaandika vipimo vya vyote viwili. Kumbe mabati mapya ya jirani yalikirushia chake mng'aro. Akakipandisha juu ya mlingoti. Bado kikazidi kidogo, akakirekebisha kipimo chake hadi kikalingana na kile cha kuazima. Kila alipopunguza jua, alipunguza na hatia ya Daud, na roho ikamuuma. Lakini kisu cha uongo kingemkata mwenyewe.

Ijumaa, muda mfupi kabla ya adhana, jua likiwa utosini, alimwita Daud kwenye ushirika mbele ya wanawake wote, akamwonyesha kwenye simu usomaji wa kihisi chake.

"Soma mwenyewe, kaka."

"Mia tisa sabini," Daud akanong'ona.

"Sasa mita ya paneli zako. Nne, za wati mia tatu kila moja: kwa jua hili zilipaswa kutoa karibu elfu moja."

"Mia nne... tisini."

Eedo Lul, shangazi wa wote na mwenyekiti wa ushirika, akapanda ngazi, akaikwangua lebo ya paneli ya pembeni kwa ukucha. Chini yake palikuwa na nyingine: wati mia moja hamsini.

"Abaayo, tuongee kando," Daud akamwambia Sagal.

"Hapa panatosha," alisema Sagal.

Wakampandisha Daud juu ya paa azifungue kwa mikono yake. Mabati yalichoma. Akaomba maji. Wanawake wote wakamtazama Sagal. Akajimiminia kikombe, akanywa polepole hadi tone la mwisho.

"Zimebaki bolti kumi," akasema.