Nilivyomsikilizia Mjomba Kapasita

Majuzi nilikwenda Visiga kumwona mdogo wangu, nikasimama kwa muuza vyuma chakavu kupumzisha magoti. Chini pale palikuwa na redio ya mbao iliyobanduliwa mgongo. Nilipoinama ikanipiga harufu ya nta kuukuu na vumbi lililoungua, na wewe unajua harufu inavyoweza kumrudisha mtu mbali.

Nikajiona barazani kwa mjomba, enzi za Mwingereza. Mjomba alipigana Burma, kazi yake mitambo ya simu za upepo. Bomu likamwachia sikio moja kiziwi kabisa na la pili la kubahatisha. Aliporudi hakutaka tena jembe. Akawa anatengeneza redio kwa vipuri alivyovitoa kwenye redio mbovu za Wazungu wa mashamba ya mkonge.

Kipuri alichokiheshimu kuliko vyote ni kapasita, kile kidude kinachotunza umeme ndani yake. Alikuwa akisema redio ikizimwa, kapasita bado iko macho. Kabla ya kuigusa aliunganisha ncha zake kupitia balbu kuukuu ya nyumba, akangoja, mkono wa kushoto ameuweka mgongoni ili umeme ukimrusha usimpitie kifuani. Zilizovimba au kutoa unga mweupe tulizitupa shimoni. Za karatasi ambazo nta yake ilishayeyuka, vilevile. Zile bapa, za rangi ya ukwaju, ndizo alizozipa nafasi.

Kisha inakuja zamu yangu. Nilivaa kisikilizio cha simu sikioni, waya wake umeungwa na kapasita, naye akaigusisha kapasita kwenye betri. Mguso wa kwanza: ta! Wa pili, kama ni nzima, kimya, kwa sababu imeshajaa. Ikilia tena, inavuja. Nilikuwa binti mdogo, na masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yakiendesha kazi ile. Wenzangu wanacheza rede, mimi nasikiliza ta. Ilichosha, ndugu yangu.

Jirani yetu, mjane, alikuwa na mtoto mmoja tu, naye jeshi lilikuwa limempeleka vitani nchi ya Malaya, huko Asia. Redio ya Dar es Salaam ilikuwa ikisoma salamu za askari Jumamosi jioni. Marehemu mumewe alimwachia redio ya betri, lakini ilikuwa bubu, yataka kapasita moja inayokaa mbele ya taa ya mwisho ya kioo, ile waliyoiita valvu. Kila siku alikuja, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akauliza, "Bado?"

Siku moja ikapatikana moja ya kujaribu. Nikasikiliza. Ta. Halafu, kwa mbali sana, ta.

"Mara ngapi?" mjomba akauliza.

"Mara mbili, mjomba. Ya pili ndogo."

"Ndogo si kitu," jirani akasema. "Kaka, weka hiyo hiyo. Mwanangu huenda ameshakufa, nami sijui."

Mjomba hakusikia, ikabidi nimwambie sikioni. Akaitoa kapasita kwenye betri.

"Nikiiweka itaunguza valvu, dada, na valvu nyingine sina. Utabaki na sanduku tupu."

Jirani aliniangalia mimi, si mjomba, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima mwanawe. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mjomba alidandia lori la mkaa, kisha akatembea hadi Kisarawe, kwa katekista mmoja aliyekuwa na redio iliyoliwa na mchwa. Alirudi siku iliyofuata akichechemea, ana homa, chuma cha redio kimefungwa kwenye gunia. Hakutaka hata uji. Tukamwaga umeme, tukachagua, nikavaa kisikilizio. Ta. Akagusa tena. Kimya. Sijapata kufurahia kimya namna ile.

Redio ikasema. Jumamosi ile yalisomwa majina ya watu wa Songea, wa Moshi, wa Tabora, jirani ameuma upindo wa kanga. Salamu zake hazikuja. Wala Jumamosi iliyofuata hazikuja, na betri ilianza kuchoka, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Jumamosi ya tatu ndipo likasomwa jina la mwanawe. Jirani akajifunika uso. Mjomba alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa redio, anasikia mtetemo tu.

"Wanasema nini?" akauliza. "Wanasema nini?"

Nikamsogelea mjomba sikioni.

"Anamsalimu mama yake. Anasema ni mzima, na mahindi yavunwe bila kumngoja."

Baadaye zikaja redio ndogo zisizo na valvu, watu wakaacha kuja barazani. Lile sikio la kubahatisha nalo likafa. Mjomba tulimzika, jirani naye akafuata. Nyumba yote imekuwa fremu za maduka. Nami siku hizi sisikii vizuri, na wajukuu wanachoka kunirudilia maneno. Siwalaumu. Naijua kazi ile inavyochosha.