Siku Niliyoapa Kwamba Nina Mimba

Jameni, hii aibu nimeikalia miaka mingi, na mke wangu mwenyewe aliisikia kwa watu baki, kwa hivyo acheni leo niitoe kwa mdomo wangu, na mkicheka mcheke pole pole.

Ilikuwa miaka ya tisini, naishi Kayole, nasomea kemia chuoni, mwaka wa mwisho. Mwalimu wetu wa uandishi wa kisayansi (mzee mkali, ripoti isiyo na tarehe alikuwa anaitupa nje ya dirisha) akatangaza kwamba Ijumaa kila mtu atasoma ripoti yake mbele ya darasa, na atakuja mama mmoja, mkuu wa maabara ya kiwanda cha rangi, achague mtu mmoja wa kuajiri. Mmoja tu! Na mamangu, sijui alisikia wapi, alikuwa ameshawaambia kina mama wote wa kanisani kwamba kazi ni yangu.

Shida ni kwamba siku ya jaribio lenyewe, lile la kudondosha asidi kwenye amonia mpaka rangi igeuke, mimi nilitoroka nikaenda kucheza mpira mtaa wa Fedha (tulifungwa sita, wacha tu). Nikamwendea Mwikali, mwanadarasa mwenzangu, mke wa watu, mpole ajabu, nikamwambia, "Dadangu, niazime ripoti yako nione tu vile umeipanga." Akanipa. Kuisoma? Niisome ya nini, na Mwikali ndiye nambari moja darasani! Nikaipeleka moja kwa moja Makadara kwa Mzee Wafula, aliyeketi na taipureta yake karibu na korti, kazi yake kutwa kuchapia watu hati za kiapo. "Mzee, piga yote ilivyo, ila jina weka langu." Nikaichukua Ijumaa asubuhi, imenyooka, safi, nikakimbia chuoni.

Basi nikasimama, tai ya kuazima shingoni, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Madhumuni, sawa. Vifaa, sawa. Namba, tamu kabisa. Nikafika pale pa kueleza mambo yaliyoweza kuharibu matokeo, na mdomo ukatangulia akili: "Kipimo cha tatu kilichelewa kwa sababu harufu ya amonia ilinitia kichefuchefu, kwa kuwa nina mimba ya miezi minne."

Mwikali, pale mbele na tumbo lake, akajifunika uso kwa leso.

"Endelea," mwalimu akasema. "Mpaka mwisho."

Nikafungua ukurasa wa mwisho nikitafuta pa kuponea, kumbe Mzee Wafula, kwa mazoea yake ya korti, alikuwa ameniongezea kwa ukarimu maneno haya, nami nikayasoma kwa sauti: "Mimi niliyetajwa hapo juu naapa kwamba yote niliyoeleza ni ya kweli."

Weee! Darasa zima likaangua kicheko, mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Yule mama wa kiwanda peke yake hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Na hali yako sasa?" Nami, mjinga wa mwisho, badala ya kukiri nikajibu, "Nashukuru, madam, siku hizi natapika asubuhi tu."

Akafunga daftari lake. "Kijana, sisi tunapima sumu kwenye rangi inayopakwa vitanda vya watoto. Siku utakayonipikia namba, kuna mtoto ataugua." Hapo ndipo niliona aibu ya kweli.

Kazi akapewa Mwikali. Mwalimu akanirudisha maabara Jumamosi peke yangu, nikarudia jaribio mara nne, namba zikatoka mbaya, nikaziandika hivyo hivyo mbaya. Na ndivyo nafanya mpaka leo: napima kwa mkono wangu, naandika nilichoona, na sichapishi kitu sijakisoma mara mbili. Kayole lakini habari ilifika na hawakusahau, waliniita Mama Kliniki mpaka nikahama.

Mwikali alipojifungua nilikwenda na kilo mbili za sukari kumwomba msamaha. Akaniangalia, akanitia mtoto mikononi.

"Shika," akasema. "Si uliapa?"